Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lugha ya Nyumba za Mawe na Ziara za Kuchangia Shule



1.0 Utangulizi

Nawashukuru walioniteua kutoa mhadhara huu wa hadhara. Huenda wako watakaoshangaa kwamba mwanaisimu, ambaye kazi yake ni sauti, maneno na sentensi, amechagua kuzungumzia nyumba na michango ya shule. Sababu ni hii: nyumba za mawe za mwambao wetu zina msamiati wake, na msamiati huo ndio unaotueleza jinsi nyumba hizo zilivyokusudiwa kutumika. Kila tunapomwingiza ndani yake mtu asiyekuwa wa nyumba ile, tunalazimika ama kuutumia msamiati huo ama kuuweka kando. Dai langu leo ni kwamba uamuzi huo, ujapoonekana mdogo, ndio unaoamua kama ziara itafaa au itadhuru.

Tuchukue shule ya msingi iliyomo katika mtaa wa kale wa Lamu, Mombasa au Unguja. Ada za shule za msingi za serikali zilifutwa Tanzania na Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa upande wa Kenya mwaka 2003. Hata hivyo, paa linalovuja na choo kilichojaa havingoji bajeti ya mwaka ujao. Tuseme kamati ya wazazi imekaa. Mmoja anashauri ufanywe mnada wa vyakula. Wa pili anataka harambee. Wa tatu anasema: mtaa wetu una nyumba ambazo wageni huvuka bahari kuja kuzitazama. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Kwa nini tusiwaombe wenye nyumba wafungue milango kwa siku moja, watoto wetu wawe waongozaji, na fedha ziende shuleni?

Hapo atainuka mzee aseme kwamba nyumba ni sitara, na sitara haiuzwi. Nadhani wote wawili wana haki ya kusikilizwa. Nitajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili chenyewe kina njia ya kuwapatanisha, maadamu tukubali kukifuata.

2.0 Msamiati wa mipaka

Nitatumia nyumba ya Lamu kuwa mfano, hasa zile za upande wa Mkomani ambazo nyingi ni za karne ya 18, kwa kuwa zimechunguzwa kwa kina. Usam Ghaidan alizichora na kuzieleza katika miaka ya 1970. James de Vere Allen na Linda Donley-Reid nao wakaziandikia. Tuingie kwa kufuata mpangilio wa maneno.

Mbele ya mlango pana daka, kibaraza kilichoezekwa chenye viti vya mawe pande mbili. Ukivuka mlango unafika tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia ambao njia yake hupinda, ili anayepita barabarani asione yaliyomo. Kisha pana kiwanda, yaani ua usioezekwa unaoleta mwanga na hewa. Sabule ni chumba cha mgeni, nacho huwekwa mahali ambapo mgeni mwanamume anaweza kulala na kuondoka bila ya kukatiza maisha ya wenye nyumba. Baada ya kiwanda huanza msana wa tini, ukafuatwa na msana wa yuu. Nyuma yake ni ndani, na mwisho kabisa ni nyumba ya kati, ambamo kwa desturi wanawake walijifungulia na maiti waliandaliwa.

Naomba tuyatazame maneno matatu kati ya haya kwa jicho la isimu.

La kwanza ni tini na yuu. Haya ni maumbo ya Kiamu ya chini na juu. Misana hiyo miwili imo katika orofa moja; tofauti yake ni hatua ya sakafu, kwa kuwa sakafu hupanda kidogo kila unapozidi kuingia. Kwa hiyo katika nyumba hii kwenda mbele ni kupanda, na neno linakutanabahisha kabla mguu haujajikwaa.

La pili ni ndani. Katika Kiswahili cha kila siku neno hili ni kielezi: mtu yumo ndani akishavuka kizingiti. Katika nyumba ya Lamu ni nomino, jina la chumba maalumu. Maana yake ni kwamba mgeni aliyepita mlango, akapita tekani, akakaa hata katika msana, bado hajafika ndani. Lugha imeuweka mpaka wa pili, usio na mlango, na kila aliyelelewa humo anaujua.

La tatu ni daka na kidaka. Daka ni mahali nje panapompokea mtu. Ukiliongezea kiambishi cha udogo unapata kidaka, shimo dogo ukutani linalopokea chombo. Na wingi wake kwa Kiamu ni zidaka, kwa kuwa ki- ya umoja hupata zi- katika wingi pale ambapo Kiswahili sanifu hutumia vi-. Safu za zidaka zilizochongwa katika lipu ya chokaa, zikapangwa sahani za kaure, ndizo fahari kuu ya nyumba hizi.

Na hapa ndipo penye tatizo la kamati yetu. Zidaka zilizo nzuri kuliko zote ziko ndani, kwa maana ile ya nomino. Kile ambacho mgeni anatamani zaidi kukiona ndicho ambacho nyumba imekificha zaidi. Mtembezaji anayetafuta fedha atavutwa kumpeleka mgeni moja kwa moja hadi mwisho, ampitishe haraka katika daka na tekani kana kwamba ni njia tu. Akifanya hivyo, atakuwa ameonyesha kuta na kuiacha nyumba. Nyumba ya mawe ni utaratibu wa kupokea watu kwa daraja: wa kubarizi naye nje, wa kumlaza sabule, wa kumfikisha ndani. Mgeni asiyesimamishwa popote hakujifunza utaratibu huo.

Lugha yetu ina kitendo cha kumsimamisha, nacho ni hodi. Adabu inamtaka mgeni aibishe hodi hadi mara tatu, na asipoitikiwa arejee alikotoka. Karibu ndiyo ruhusa, na ruhusa hiyo ina mwisho wake. Karibu ya barazani haimpeleki mtu katika msana. Ziara ya shule inaweza kujengwa juu ya kanuni hii: mtoto anayeongoza abishe hodi kwa kila hatua, na mwenye nyumba ndiye aseme karibu yake inaishia wapi. Mgeni akisimamishwa penye kiwanda na kuelezwa kwa nini amesimamishwa, atakuwa amepata somo ambalo picha mia za zidaka zisingempa.

Kwa wale wanaotaka kuona vyumba vya ndani, Lamu ina nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na kuwekwa kuwa makumbusho chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Humo hakuna anayevunjiwa sitara. Hakuna ubaya ziara ikaanzia mitaani, kwenye madaka ya watu wanaoishi, ikamalizikia katika nyumba hiyo ya makumbusho.

3.0 Nani alijenga? Suala la sarufi

Mipaka ni upande mmoja wa mambo. Upande wa pili ni watu ambao simulizi za nyumba huwasahau. Kabla ya kulitazama hilo kwetu, ni vyema tuone yaliyowapata waliotutangulia katika ziara za namna hii.

Katika mji wa Natchez, jimbo la Mississippi nchini Marekani, wanawake wa chama cha watunza bustani walianza mwaka 1932 kufungua majumba ya kale kwa wageni wanaolipa. Ziara hiyo ilisaidia kuyakarabati majumba na kuupatia mji kipato katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi. Waliipa jina la neno la Kiingereza lenye maana ya hija. Majumba yenyewe yalikuwa ya matajiri wa pamba wa kabla ya vita vya 1861, na utajiri huo ulitokana na jasho la watumwa. Kwa miongo mingi wenyeji waliovaa magauni ya zamani waliwaeleza wageni habari za samani, vinara na nasaba za wenye nyumba. Waliojenga, waliopika na waliofua katika majumba hayo hawakutajwa, au walitajwa kwa kupitiwa tu. Pembezoni mwa mji huo huo, mahali paitwapo Forks of the Road, palikuwa na mojawapo ya masoko makubwa ya watumwa ya kusini mwa Marekani. Imechukua muda mrefu mno kwa mahali hapo kupewa heshima ya kumbukumbu ya taifa.

Nasema haya kwa sababu nyumba zetu nazo zina deni la namna hiyo. Katika nyumba nyingi za ghorofa orofa ya chini ilikuwa ya watumwa na ya mizigo, na mwenye nyumba na jamaa zake walikaa juu. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Vizazi vya waliokaa chini na vya waliokaa juu vinasoma leo katika darasa moja. Mtoto wa shule anapoambiwa awasimulie wageni habari za nyumba, ni haki yake kujua kama simulizi hiyo inamhusu au inamruka.

Sarufi ya Kiswahili inatusaidia zaidi ya tunavyodhani. Sentensi ipendwayo na watembezaji ni hii: "Nyumba hii ilijengwa na Sheikh Fulani." Ni kauli ya kutendwa, na baada ya na tunamtaja mtendaji. Lakini Sheikh Fulani hakushika mwiko wala hakuchoma chokaa. Kiswahili kinatupa kitenzi jenga, kikatupa na mnyambuliko wa kusababisha: jengesha. Kinatupa pia jengewa, ambapo anayetajwa kwanza ni anayenufaika. Tukisema "Sheikh Fulani alijengesha nyumba hii", tumemweka mahali pake bila ya kumpunguzia heshima. Tukisema "Sheikh Fulani alijengewa nyumba hii na mafundi na watumwa", tumewarudisha wengine katika sentensi. Silabi mbili tatu zinatosha kubadili historia anayoondoka nayo mgeni.

Hata neno mtumwa linafundisha. Limetokana na tuma, likapitia kauli ya kutendwa, tumwa. Ni mtu aliyepewa jina kwa kitendo cha mwingine: kuna anayetuma, naye hatajwi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayechanganua neno hilo ubaoni huenda akapata alama mbili. Akilichanganua akiwa amesimama katika orofa ya chini ya nyumba ya mtaani kwao, ataelewa jambo lisilopimika kwa alama.

Wala tusidhani kwamba elimu haikuwahi kulikabili suala hili kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Habib Saleh, mwanazuoni aliyetoka Visiwa vya Komoro, aliwafundisha Lamu watu wa tabaka la chini, wakiwemo waliokuwa watumwa na watoto wao, na Msikiti wa Riyadha ukawa kitovu cha masomo hayo. Wasiokaribishwa katika vyumba vya juu walikaribishwa darasani. Kwa hiyo ziara ya nyumba inayofanywa kwa manufaa ya shule inaunganisha taasisi mbili zilizokuwa na milango tofauti, na haitafaa kulinyamazia jambo hilo.

4.0 Kiingilio, mchango na wakfu

Sasa tuje kwenye fedha, ambazo ndizo zilizoileta kamati mezani. Swali ninalouliza ni dogo: katika risiti atakayopewa mgeni, liandikwe neno gani?

Tukiandika kiingilio, tumetumia nomino iliyotokana na ingilia. Kiingilio ni malipo ya kupatia njia ya kuingia, kama ya uwanja wa mpira. Aliyekilipa amenunua haki, na haki hiyo inapingana na hodi. Atakaposimamishwa kwenye kiwanda atadai thamani ya fedha zake.

Tukiandika mchango, tumetumia nomino ya changa, yaani kukusanya pamoja kidogo kidogo. Mchangaji hanunui kitu. Anajiunga na waliochanga kabla yake. Ndiyo sauti ya harambee, mwito wa watu wanaovuta mzigo mmoja, ambao Kenya iliufanya kaulimbiu ya taifa tangu uhuru mwaka 1963 na uliojenga shule nyingi za vijijini. Mgeni aliyechangia paa la shule, kisha akaonyeshwa mtaa kwa hisani, yuko katika hali nyingine kabisa na yule aliyekata tiketi.

Lipo neno la tatu, la kale zaidi katika mwambao, nalo ni wakfu. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kusimamisha. Mali iliyowekwa wakfu imesimamishwa: haiuzwi, hairithiwi, na mapato yake huenda kwenye lengo lililotajwa na mwenyewe, kama vile msikiti, madrasa au maskini. Nyumba kadhaa za Lamu, Mombasa na Unguja ziliwekwa wakfu kwa namna hiyo. Kwa hiyo, fikra ya kwamba nyumba inaweza kulisha elimu haikuletwa na utalii. Nyumba zilikuwa zikilisha elimu kwa kodi yake, milango ikiwa imefungwa na sitara ikiwa kamili. Anayepinga ziara kwa kusema kwamba ni jambo geni ana hoja juu ya kufungua milango. Hana hoja juu ya lengo.

Methali niliyoifanya anwani inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kitenzi cha kwanza ni amri ya kukaribisha. Cha pili kimo katika dhamira tegemezi, yaani kinataja kusudi. Mgeni anaitwa ili mwenyeji apate nafuu. Ziara ambayo mwenyeji anatoka nayo akiwa na aibu, kwa kuwa chumba chake cha kulala kimepigwa picha, imeivunja methali hata kama sanduku la shule limejaa.

Lakini mwenyeji ni nani? Huko Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilitwaa nyumba nyingi za Mji Mkongwe na kuzigawia familia. Mara nyingi nyumba moja ikawa na jamaa kadhaa. Huko Lamu, nyumba nyingi zimenunuliwa na watu wa ng'ambo, zikawa za mapumziko au za kupangisha wageni. Kwa hiyo anayefungua mlango yawezekana ni mpangaji, au ni mgeni aliyeigeuza nyumba kuwa mali yake. Neno lenyewe linatupa mwelekeo: mwenyeji ni mwenye mji. Halimtaji mwenye nyumba. Mtoto wa shule ya mtaani, hata akiwa anaishi katika nyumba ya makuti, ni mwenyeji kwa maana hiyo. Yeye ndiye anayetakiwa apone.

5.0 Mapendekezo

Kutokana na hayo, napenda kuwapendekezea walimu na kamati za shule mambo matano.

Kwanza, ziara itanguliwe na darasa. Katika muhula mmoja kabla ya siku yenyewe, wanafunzi wawaendee wazee wa kike na wa kiume, wakusanye majina ya vyumba, vyombo na vifaa vya ujenzi, kwa matamshi ya mtaa. Waandike zidaka kama wanavyosikia, kisha mwalimu awaeleze uhusiano wake na vidaka. Kijitabu kitakachopatikana kiuzwe siku ya ziara. Hata fedha zikiwa chache, maneno yatakuwa yameokolewa.

Pili, masomo mengine yashirikishwe. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoweka kikomo cha upana wa chumba. Mwanafunzi apime, na ataona kwamba vyumba vingi havizidi sana mita 2 na nusu au 3. Ajifunze kwamba miti ya mikoko hupewa majina kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kwamba huhesabiwa kwa korija, yaani 20. Aelezwe kwa nini katika birika la choo liliwekwa bakuli la kaure lenye visamaki: samaki hao walikula viluwiluwi vya mbu. Hapo pana hesabu, jiografia na afya katika nyumba moja.

Tatu, mwongozo wa kwanza uwe kwa Kiswahili, na tafsiri ifuate. Mtoto anayeanza kwa lugha ya mgeni atasema "ua" kwa neno la kigeni na kiwanda kitapotea. Anayeanza kwa Kiswahili atalazimika kulieleza neno, na katika kulieleza atalielewa. Isitoshe, wageni walengwa wasiwe wa ng'ambo tu. Wazazi wa mitaa ya pembeni, ambao pengine hawajawahi kuipita daka ya jirani, waalikwe kwa mchango wanaoumudu.

Nne, kila mwenye nyumba aulizwe peke yake, faraghani, na mwanamke wa nyumba aulizwe na mwanamke. Mpaka wake uandikwe na uheshimiwe. Anayekataa asitajwe barazani wala asibembelezwe mara ya pili.

Tano, hesabu za fedha zisomwe hadharani, na sehemu yake irudi kwenye nyumba zenyewe. Lipu ya chokaa na boriti zilizooza zinataka gharama. Shule ikichukua yote na kuacha ukuta ukiporomoka, baada ya miaka michache haitakuwa na cha kuonyesha.

6.0 Hitimisho

Mabibi na Mabwana, nimejaribu kuonyesha kwamba msamiati wa nyumba ya mawe una kazi tatu katika shughuli hii. Unamwekea mgeni mipaka. Unatupa njia ya kuwataja waliosahauliwa. Na unatuwezesha kutofautisha mnunuzi na mchangaji. Shule itakayoyatupa maneno hayo kwa haraka ya kupata fedha itakuwa imeuza kilichokuwa mtaji wake. Shule itakayoyafundisha kwanza, ikayatumia, itapata paa lake, na chini ya paa hilo patakuwa na watoto wanaojua kuusoma mtaa wao kama wanavyousoma ukurasa.

Kwa walimu waliopo hapa, kazi yenyewe haihitaji ruhusa ya mtu mkubwa. Inahitaji daftari, mzee mmoja aliye tayari kuzungumza, na mtoto aliyefundishwa kubisha hodi.